Kabla Hujachora Fomesheni, Angalia Nani Anakimbia Pembeni

Msimu wangu wa kwanza kama kocha wa mpira nilikuja na fomesheni, yaani mpangilio wa wachezaji uwanjani, ya 4-3-3 kichwani (ukihesabu kutoka nyuma, mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) kabla hata sijayashika majina ya wachezaji. Nilikuwa naipenda tu, nimekaa miaka naangalia Barcelona ya kocha Guardiola, mawinga wamekanyaga chaki ya pembeni, viungo watatu wanazungushiana mpira mpaka wapinzani wanachoka, nikasema na sisi tutacheza hivo hivo. Sasa ile ilikuwa timu ya ridhaa, watu wana kazi zao, mazoezi mara mbili kwa wiki na kuna siku wanakuja saba. Nikachora ubaoni, kila mtu akaipenda. Mechi tatu za kwanza tukafungwa goli tisa, na karibu zote zilianzia upande mmoja, upande wetu wa kulia.

Nikafanya kile makocha wengi wapya tunafanya, nikamtoa namba mbili, beki wa kulia, nikaweka mwingine, huyo naye akapitwa vilevile. Baada ya mechi ya tatu yule beki niliyemtoa akanifuata taratibu akaniambia, "Kocha, mimi pale nilikuwa nakaba watu wawili, winga wao na beki wao anayepanda, na aliye mbele yangu harudi." Hakuwa na hasira wala nini, alikuwa ananielezea tu. Nililala na hilo neno. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kosa la mfumo, na mfumo niliuchagua mimi.

Tangu siku hiyo nikipewa timu naanzia pembeni. Straika nitamuona tu, namba kumi, yule mchezeshaji wa nyuma ya straika, atajionyesha mwenyewe dakika ya tano ya mazoezi, lakini watu wa pembeni lazima uwatafute kwa macho: nani anapanda na kushuka, nani anapanda tu, nani akishapanda mara tatu anashika kiuno. Maana ukiangalia vizuri, kila fomesheni unayoijua ni jibu la swali moja, kwamba kila pembeni unaweka watu wangapi na hao wengine unawatumia wapi. Uwanja wa mechi za kimataifa upana wake ni mita 64 mpaka 75, mabeki wanne hawauzibi wote hata wafanyeje, kwa hiyo kuna sehemu utaiacha wazi, na kazi yako ni kuchagua ni ipi.

4-4-2 inakupa watu wawili kila upande, beki na winga wake, na wote wanajua kazi yao bila maelezo mengi. Ndo maana kwa timu changa, au timu ambayo wachezaji wanabadilika kila wiki, mi naanza na hiyo bila aibu. Bei yake unailipa katikati, una viungo wawili tu na ukikutana na timu ya viungo watatu basi kila mara kuna mtu wao mmoja yuko huru anageuka na mpira. Leicester walichukua ubingwa wa Uingereza 2015/16 kwa mfumo huu huu wakati watu walishasema umekufa, lakini angalia katikati alikuwepo nani, alikuwa N'Golo Kanté, mtu anayefanya kazi ya wawili, alafu Okazaki alikuwa straika wa pili anayeshuka kukaba kiungo wa wapinzani. Yaani kwenye karatasi ni wawili, uwanjani wanakuwa karibu wanne. Kama huna mtu wa aina ya Kanté (na wengi hatuna) basi angalau straika wako mmoja akubali kushuka, na umwambie hivo kabla msimu haujaanza ili asione kama unamuonea.

4-3-3 ndo inayodanganya watu zaidi, na mimi nilikuwa wa kwanza kudanganywa. Kwenye ubao unaona wawili kila pembeni, beki na winga, unasema niko sawa. Lakini winga wa 4-3-3 anaanzia mita nyingi mbele kuliko winga wa 4-4-2, mpira ukipotea yeye yuko huko juu, na asiporudi au kiungo wa upande wake asipotoka kwenda kuziba, beki wako yuko peke yake. Wale Barcelona hawakuteseka na hilo kwa sababu walikuwa wanaunyang'anya mpira ndani ya sekunde chache pale pale walipoupoteza, timu nzima inakimbilia mpira, kwa hiyo wapinzani hawapati muda wa kumtafuta mtu aliye pembeni. Mimi nilikopi mchoro nikaacha ile presha, na bila presha mchoro haukuwa na kazi.

Hata Brazil ya 1958 ilikuwa na jambo hilo. Watu wanasema walicheza 4-2-4, mawinga wawili na washambuliaji wawili, Garrincha kulia anafanya anachotaka. Ila kushoto alikuwepo Zagallo, na Zagallo alikuwa anashuka kusaidia kiungo, upande mmoja wamempa uhuru mtu mmoja na upande wa pili wameweka mtu wa kulipia ule uhuru. Hilo nililichukua nikalitumia kwenye timu yangu moja kwa moja. Tulikuwa na winga wa kulia mzuri sana akiwa na mpira lakini kurudi hapana, nilishajaribu kumsihi, kumkemea, kumtoa, haikusaidia. Nikamuacha awe huru alafu kushoto nikaweka kiungo ambaye asili yake ni namba nane, yaani wa katikati, anayebana ndani tukipoteza mpira, na namba sita wangu, kiungo mkabaji, nikamwambia asimame kidogo upande wa kulia, nyuma ya yule winga. Fomesheni ikawa imepinda, mtu wa nje akiangalia anaweza asijue tunacheza nini, lakini beki wangu wa kulia usiku akaanza kulala usingizi mzuri.

Sasa kuna mifumo inayoweka mtu mmoja tu pembeni, 3-5-2, 3-4-3, na ile 4-4-2 ya almasi, viungo wanne wamejipanga kama almasi bila winga. Hapa unapata watu wengi katikati, na kwenye 3-5-2 na almasi unabaki pia na mastraika wawili, ni raha, ila upande mzima unamkabidhi mtu mmoja. Alf Ramsey, kocha wa England, mwaka 1966 alianza Kombe la Dunia akijaribu winga tofauti kila mechi ya makundi, kuanzia robo fainali akawaacha kabisa, akabeba kombe bila winga, na upana wa timu kwa kiasi kikubwa ukabaki miguuni kwa mabeki wake Cohen na Wilson. Na kocha Antonio Conte akiwa Chelsea, Septemba 2016 alikuwa amefungwa 3-0 na Arsenal, hapo akahamia mabeki watatu, akashinda mechi 13 za ligi mfululizo na mwisho akawa bingwa. Watu wengi walikumbuka mabeki watatu. Mi nilichokiona ni Victor Moses, aliyekuwa winga, na Marcos Alonso, beki wa kushoto, wote wawili wana mapafu ya kwenda mstari mpaka mstari dakika 90. Bila hao wawili ile 3-4-3 isingetembea.

Kwa hiyo ukitaka kuweka mabeki watatu nina kipimo changu kimoja, cha kawaida tu lakini sijawahi kukijutia. Mwisho wa mazoezi, watu wameshachoka, nawaweka wale wawili ninaowafikiria kwa wingbeki, yule mtu mmoja anayebeba upande mzima, napiga mpira mbele wanaukimbilia na kupiga krosi, papo hapo natupa mpira mwingine nyuma yao wakaukabe. Mara nane. Siangalii krosi ya kwanza, naangalia wanavyorudi mara ya saba. Kama mmoja anatembea, mfumo huo naufunika mpaka nipate mtu mwingine, kwa sababu wingbeki aliyechoka anakugeuzia 3-5-2 kuwa 5-3-2 na mnakaa golini kwenu mkiomba mechi iishe.

Jambo lingine, fomesheni usiifundishe kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa naongea dakika ishirini na ubao, wanatikisa vichwa, kesho yake kila mtu amesimama anakojua yeye. Siku hizi nawaweka kumi na moja uwanjani bila wapinzani, na mpira naubeba mkononi, nikienda kushoto wote wanahama kushoto, nikirudi nyuma wanapanda. Kocha Arrigo Sacchi alikuwa anawafanyisha hivo Milan, wale waliochukua kombe la Ulaya 1989 na 1990, kina Baresi na Van Basten, na alitaka kutoka beki wa mwisho mpaka straika pasizidi mita 25 hivi. Sasa kama Baresi alifanya zoezi la kuhama bila mpinzani, mchezaji wako akikuambia linaboa muelezee kwa upole na muendelee. Mimi wiki tatu za kwanza nazitoa kwa hilo, na huo umbali kati ya mistari nauangalia kuliko namba zenyewe, maana 4-4-2 iliyobanana inakaba vizuri kuliko 4-5-1 iliyoachana, hata kama hiyo ya pili ina mtu zaidi katikati.

Kubadilisha katikati ya mechi, hapo nimekuwa mchoyo. Zamani tukifungwa tu nabadilisha, tukifungwa tena nabadilisha tena, wachezaji wanabaki kuniangalia mimi badala ya mpira. Sasa hivi tuna mfumo mmoja mkuu na mmoja wa akiba, basi, na ule wa akiba nauchagua kwa kuangalia watu wachache tu ndo wanahama, wengine wote wanabaki palepale. Kutoka 4-4-2 kwenda 4-5-1 ni straika mmoja anashuka. Kutoka 4-3-3 kwenda mabeki watatu ni namba sita anaingia katikati ya mabeki wa kati, alafu mabeki wa pembeni wanapanda. Ukihitaji kuwapigia kelele watu sita mechi ikiendelea, huo mpango wa akiba haufai.

Na kadi nyekundu zungumzeni mapema, hiyo watu wanaisahau kabisa. Sisi tumekubaliana kwamba tukibaki kumi tunakaa 4-4-1, haijalishi aliyetoka ni nani, pembeni tunabaki na wawili wawili na nafasi tunayoipunguza ni ya straika mmoja. Msimu uliopita ilitukuta dakika ya 50, namba nane wetu kala nyekundu, na kabla sijainuka kwenye benchi straika mmoja alishakimbia kuja kusimama katikati. Tulitoka sare. Yule beki wa kulia, yule yule aliyeniambia nakaba watu wawili, siku hiyo alikuwa nahodha, na ndiye aliyekuwa anawapanga.