RAV4 au Prado kwenda Bwindi?
Ndugu, umeuliza kama Toyota RAV4 ya kukodi itakufikisha Bwindi, ile hifadhi ya taifa kusini-magharibi mwa Uganda, au uongeze pesa upate Prado, ambayo ni kubwa na ngumu zaidi. Kama ni kiangazi na mko wawili tu, RAV4 inatosha. Kampala hadi Kabale ni lami. Kasheshe huanza ukiiacha lami kuelekea Ruhija, mojawapo ya sehemu za kuingilia hifadhini, kona na mawe mtindo mmoja. Niliyopewa mimi ilipanda vizuri kwa gia ya pili, ila shokomzoba za nyuma zilikuwa zimechoka, kila shimo nikalisikia kiunoni. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, chukua Prado bila kubishana. Mafuta itakunywa, hilo ujue. Kabla ya kusaini, kagua tairi la spea. Langu lilikuwa kipara kabisa, na jeki hakuna!