Jibu: Programu nzima ya harusi kwa fonti ya mapambo? Usithubutu

Ndugu wa Nakuru, usitume hiyo kazi kuchapishwa. Umeuliza kama fonti ya Playfair Display itafaa programu ya harusi ya kurasa 8, herufi nyeupe juu ya kijani kizito, karatasi iwe gani na mteja umtoze ngapi. Mimi nilipofika kwenye "pointi 9, kurasa zote" chai yangu ikapoa mezani.

Hapa Kisumu, miaka minne iliyopita, nilipewa programu ya mazishi, nakala 400. Nikaitandaza fonti hiyohiyo toka jalada hadi wasifu, nyeupe juu ya rangi ya damu ya mzee. Kwenye skrini ilipendeza, maana nilikuwa nimeikuza asilimia 200. Ijumaa jioni, mazishi yakiwa kesho yake, nikafungua katoni. Herufi hizi zina mihimili minene na mistari myembamba kama uzi, na uzi huo ndio unaokata tumbo la e. Rangi nzito kama ile hupatikana kwa wino juu ya wino; mmoja ukisogea kidogo tu, uzi mweupe unazibwa. Kila e ikawa c. "Marehemu" ikasomeka "marchcmu", ukurasa baada ya ukurasa. Mjane aliisogeza karibu na taa, akaipeleka mbali, akairudisha, kisha akampa mwanawe amsomee. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulichapisha upya usiku huo, nyeusi juu ya nyeupe. Shilingi 26,000, mfukoni mwangu.

Aliyenifikisha pale ni mwalimu wa grafiki niliyemlipa karo yote. Alitukaririsha kwamba fonti moja kazi nzima ndiyo huonekana ya kitajiri. Hata siku moja hakutuambia kuwa herufi huundwa kwa saizi yake! Mbunifu wa herufi Claus Eggers Sørensen alipoitoa Playfair mwaka 2011 aliiita "Display", yaani ya vichwa vya habari, ya kutazamwa ikiwa kubwa. Onyo limo kwenye jina lenyewe. Enzi za herufi za kumiminwa kwa madini ya risasi, mchapaji Bodoni kule Parma, Italia, alichonga kila saizi peke yake, na zile ndogo akazipa mistari yenye nguvu zaidi. Sisi kwenye kompyuta tunavuta pembe ya kisanduku tu, herufi inasinyaa na uzi wake unasinyaa nayo. Bado nina hasira na mtu yule, kwa sababu najua anaendelea kufundisha.

Fonti ya mapambo haishuki chini ya pointi 24, theluthi ya inchi. Basi. Majina ya maharusi jaladani, yaachie ukurasa mzima; hapo Playfair hung'ara, na leseni yake inaruhusu kazi ya kulipwa bila kutoa senti. Ratiba na nyimbo ziweke kwa fonti ya Gentium, nayo ni ya bure, na ina ĩ na ũ utakazozihitaji kwa nyimbo za Kikuyu.

Halafu toa nakala moja tu, kwa karatasi ileile na mashine ileile itakayochapa zote. Usiisome wewe, wewe unajua kilichoandikwa. Mpelekee mama mmoja wa kanisa, keti naye kwenye benchi, umsikilize akisoma wimbo wa kwanza. Akikwama hata neno moja, rudi kwenye kompyuta.