Upepo wa tairi: nifuate namba ya mlangoni au ya kwenye tairi?

Swali: Shikamoo fundi. Nina gari dogo la Kijapani ninaloendea kazini, Kimara hadi Posta. Mwezi ujao nategemea kwenda nalo Mbeya, tukiwa watu watano na mizigo. Kila ninaposimama kujaza upepo naambiwa lake: mmoja anajaza 30, mwingine 40 akisema safari ndefu inataka tairi gumu. Kwenye tairi lenyewe nimesoma "MAX 44 PSI", na mlangoni kuna stika ya Kijapani yenye namba 230 nisiyoielewa. Shemeji yangu naye ananiambia nikifika kwenye joto la Ruaha Mbuyuni nipunguze upepo, tairi lisije likapasuka. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Sikiliza stika.

Hiyo 230 ni kilopaskali, kipimo kinachotumika Japani. Igawe kwa 6.9 upate psi (pauni kwa inchi ya mraba), ambazo ndizo zinazosomwa na geji nyingi za huku kwetu. Inakuja karibu 33. Ukiona pembeni yake 2.3, ni upepo uleule kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Kama stika imetenganisha matairi ya mbele na ya nyuma, herufi 前 ni mbele na 後 ni nyuma. Halafu linganisha saizi iliyoandikwa hapo, mfano 185/65R15, na saizi iliyo kwenye tairi lako. Magari yaliyotumika huja yakiwa yamebadilishiwa matairi, na ukikuta saizi hazifanani, usikisie. Muulize muuzaji wa matairi mwenye jedwali la uwezo wa kubeba uzito.

Ile 44 iliandikwa na kiwanda cha matairi, ambacho hakijui tairi litafungwa kwenye gari gani. Ni kikomo: upepo wa juu kabisa unaoruhusiwa tairi likiwa la baridi. Waliopima uzito wa gari lako, breki zake na springi zake ndio walioandika 230.

Anayekujazia 40 anakupunguzia eneo la mpira linalogusa lami. Gari litarukaruka, breki zitashika vibaya barabara ikiwa imelowa, na matairi yataanza kulika katikati huku pembeni pakiwa bado na kashata (meno ya tairi) nzima. Ukiingia kwenye shimo kwa tairi gumu namna hiyo, kishindo chote kinaishia kwenye rimu, shokapu na bushi.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni upepo pungufu, maana hauonekani kwa macho. Matairi ya siku hizi pembeni yamebonyea kidogo hata yakiwa sawa, na ukilipiga teke lenye 24 utadhani lina 33. Tairi la gari lako kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 14 kila sekunde, na katika kila mzunguko ukuta wake wa pembeni hukunjwa na kunyooka. Upepo ukiwa mdogo, mkunjo unakuwa mkubwa, na mkunjo ndio unaozaa moto. Mpira unaanza kuachana na nyuzi na waya zilizo ndani. Tukivua kwenye rimu tairi lililotembezwa hivyo, ndani tunakuta unga mweusi, mpira uliosagika wenyewe kwa wenyewe. Tairi hilo hata ukilijaza upepo upya halifai tena, na ukishauriwa kulitia kiraka, kataa.

Sasa twende kwa shemeji. Anayoyaona ni kweli, ila dawa yake ni hatari. Ukiondoka Kimara alfajiri na 33, ukapima Ruaha Mbuyuni mchana, geji inaweza kusoma 38 au zaidi. Tairi limepata moto kwa mwendo na kwa lami, na hewa ikipata moto shinikizo linapanda: kila nyuzi 10 za joto huongeza karibu psi 1 na nusu. Waliopanga 33 walishajua hilo litatokea, na ndiyo maana wakasema ipimwe likiwa la baridi. Ukitoa upepo pale mpaka irudi 33, tairi likipoa una 28 hivi. Umejitengenezea upepo pungufu ukiwa na watu watano na mizigo, kabla hata hujaanza kupanda mlima wa Kitonga. Kwa hiyo upepo wa tairi lenye moto usiguswe. Ukikuta tairi moja limepanda kuliko wenzake kwa kiasi kikubwa, simama na utafute sababu. Mara nyingi ndilo lililoanza safari na upepo mdogo, au breki ya gurudumu hilo inang'ang'ania.

Umenipa nafasi ya kueleza jambo ambalo wasafiri wa Nyanda za Juu huniuliza: je, ukifika Mbeya urekebishe upepo? Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nje huko ni nyepesi, na hilo peke yake linaifanya geji isome karibu psi 3 zaidi ya Dar. Lakini asubuhi ya Mbeya ni baridi, na tofauti ya nyuzi 18 au 20 kati ya huko na Dar inaondoa karibu psi 3 hizohizo. Vinafidiana. Pima kabla hujawasha gari asubuhi ya kurudi, na uwezekano mkubwa utakuta palepale ulipoacha.

Kupima kwa baridi maana yake gari limelala, au limesimama saa tatu au zaidi, na halijatembea zaidi ya kilomita moja au mbili. Hapo ndipo penye shida kwa wengi, kwa sababu kufika kwenye kompresa inabidi uendeshe. Nunua geji yako ndogo, iweke garini. Pima nyumbani alfajiri. Kama tairi limepungua psi 4, nenda kaongeze 4 juu ya utakayoikuta kwenye geji ya fundi, hata kama yeye anasoma namba nyingine. Geji za barabarani zimeanguka chini mara nyingi, na mbili za vibanda jirani huweza kutofautiana kabisa. Fanya hivyo angalau mara moja kwa mwezi, kwani hata tairi zima hupoteza karibu psi moja kwa mwezi bila pancha yoyote.

Kuhusu mzigo wako: angalia kama stika ina mstari wa gari lililojaa, na uufuate. Kama ina namba moja tu, ongeza psi 2 au 3 kwenye matairi ya nyuma, mradi usivuke kikomo cha kwenye tairi, na mkirudi uzitoe kabla ya kurudi kwenye ruti ya Posta.

Naitrojeni si lazima. Hewa ya kawaida ni asilimia 78 naitrojeni, na namba ya kujaza haibadiliki.

La mwisho, fungua buti utazame spea. Kama ni ile nyembamba iliyoandikwa T mwanzoni mwa saizi, hiyo inatakiwa ijazwe 420, yaani psi 60, na kasi yake isizidi kilomita 80 kwa saa. Nyingi ninazozipima zina 20 au chini yake, kwa kuwa hakuna aliyezigusa tangu gari lishuke bandarini. Ijaze ukiwa bado Dar, na siku ukiihitaji uifunge kwenye gurudumu la nyuma panapowezekana, maana matairi ya mbele ndiyo yanayogeuza gari lako na kubeba sehemu kubwa ya breki.