Usizifute nukta nne: kwa mleta uzi anayechapa kadi za Diwali

Simamisha leo kazi hiyo ya kadi za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kabla hujanunua karatasi. Umeuliza maana ya alama za Kihindu: Om, ile sauti takatifu, swastika, msalaba wenye mikono iliyopinda, Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, na ua la yungiyungi, umeuliza pia karatasi ya uzito gani inafaa na umtoze mwenye duka kiasi gani, halafu katikati ya maswali hayo ukaandika, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa swastika umeifuta "vidoadoa vya uchafu" na kuiinamisha upande kidogo, yaani kuilaza, ili isifanane na ya Hitler. Niliposoma maneno hayo jasho lilinitoka, kwa sababu nami nilifanya vivyo hivyo na nikalipia kwa mfuko wangu.

Vidoadoa hivyo ni sehemu ya alama yenyewe. Wahindu wenye asili ya Gujarat, ambao ndio wengi utakaowachapia hapa kwetu, huiita sathiyo. Huchorwa mlangoni, kwenye chungu cha ibada na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu wakati wa Diwali, kwa kumkum, yaani unga mwekundu unaotokana na manjano yaliyochanganywa na chokaa, kisha katika kila nafasi iliyo wazi kati ya mikono minne huwekwa nukta moja kwa ncha ya kidole. Jina swastika limetoka katika Kisanskriti, ambamo su ni wema na asti ni kuwa, kwa hiyo anayeichora anaomba heri ikae mahali pale. Mikono minne wengine huieleza kuwa pande nne za dunia, wengine Veda nne, yaani maandiko yao matakatifu ya kale, na wengine malengo manne ya maisha ya mwanadamu: wajibu, mali, mapenzi na ukombozi wa roho. Kwa kawaida alama husimama wima, na mikono yake hupinda kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920, kikaitia rangi nyeusi, kikailaza, kikaiweka ndani ya duara jeupe juu ya kitambaa chekundu. Anayeilaza ili amkimbie Hitler anamfuata nyumbani kwake.

Mimi sikuyajua hayo. Familia moja ya Dar es Salaam, jirani na mahekalu ya Kisutu, ilinipa kazi ya kadi 350 za harusi na kadi ya zamani ya kuigiza. Badala ya kuwauliza wenyewe, nilikwenda kwa jamaa mmoja anayejiita mshauri wa usanifu, mtu aliyehudhuria mafunzo ya wiki mbili na ambaye tangu siku ile hajawahi kutamka neno "sijui". Akanihakikishia, kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu, kwamba swastika iliyosimama ni ya Wajerumani na iliyolala ni ya Wahindi. Uongo huo nilimlipa, na nauli nikamwongezea.

Basi nikailaza. Nukta nikazifuta nikidhani ni vumbi la skana. Wino mwekundu haukuonekana juu ya karatasi nyekundu, nikaugeuza kuwa mweusi. Mweusi nao ukafifia, nikauzungushia duara jeupe. Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kiufundi, na hatua zilipokwisha nilikuwa nimechapa bendera ya Ujerumani ya mwaka 1935 juu ya majina ya bibi na bwana harusi. Chini yake palikuwa na kalash, chungu chenye majani ya mwembe na nazi juu yake, kwa hiyo angalau hakuna awezaye kusema kuwa kadi yangu ilipungukiwa nazi.

Bwana harusi aliikubali picha niliyomtumia kwenye simu, maana alichokagua ni tahajia ya jina lake tu. Kadi 40 zikatangulia kwa ndugu zao wa Leicester, Uingereza. Zilizobaki zilifika kwa bibi yake, yule mzee wa nyumba ambaye wote humwita Ba, naye akaifungua moja, akaisogeza mbali na macho, kisha akaniuliza kwa upole ambao hadi leo unaniuma kuliko matusi: "Mwanangu, nukta zangu umezipeleka wapi?" Hitler hakumtaja. Waliomtaja ni wale wa Leicester, kwa simu, wiki iliyofuata.

Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu. Kadi mbovu nazo sikuweza kuwauzia wauza karanga kama tunavyofanya na karatasi nyingine, kwa sababu juu kabisa alikuwepo Ganesh, ambaye hutajwa kwanza katika kila jambo linaloanzishwa ili aondoe vikwazo, na sura yake haifungiwi karanga wala haitupwi jalalani. Nilikaa jioni mbili na mkasi, nikimkata Ganesh kutoka kadi 310, ili familia ikamwachie baharini kwa heshima. Nilimpigia mshauri wangu aje tukate pamoja, lakini siku hizo mbili simu yake ilikuwa na matatizo ya mtandao.

Om nayo usiiguse. Sauti zake tatu, a, u na m, Mandukya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, inazihusisha na kuwa macho, kuota na usingizi mzito, na kile kitone kilicho juu ya kimwezi, ambacho najua umeshaanza kukitilia shaka, huelezwa kuwa ndiyo hali ya nne, iliyo zaidi ya hizo tatu.

Usifute, usilaze wala usibadilishe rangi ya kitu chochote mpaka mzee wa nyumba awe ameishika mkononi nakala iliyochapwa. Picha ya simu haitoshi, na ruhusa ya kijana anayetazama jina lake haitoshi. Mwenye duka wako bila shaka ana mama, shangazi au bibi. Kesho asubuhi mpelekee kadi moja, ukae kimya, na utazame kidole chake kinasimama wapi.