Shule yetu inaishiwa na watoto, nimhamishe wangu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka kijijini huku Kwale. JSS yetu, hii shule ya Gredi 7 mpaka 9, ilipoanza Gredi 7 mwaka 2023 darasa lilijaa, saa hii Gredi 7 mpaka 9 zote ukijumlisha ni watoto 38, wengine washapelekwa mjini. Matokeo ya KJSEA, ule mtihani wa mwisho wa Gredi 9, yalipotoka watu wakasema shule imeanguka. Mwanangu yuko Gredi 8 na sayansi anaipenda sana. Babake anataka tumhamishe, mimi roho inasita manake hapa shule ni dakika kumi kwa miguu na huko mjini itabidi akae kwa watu. Tufanyeje? – Mama wa watatu

JIBU: Marahaba mama. Hilo neno "imeanguka" limeniuma, wacha nianze nalo. Waliofanya mtihani walikuwa wangapi? Kama walikuwa 11 tu, mtoto mmoja akiamka na homa siku ya hesabu hiyo ni asilimia 9 ya darasa ishashuka, na shule ya mjini yenye watoto 200 wakiugua watano hakuna hata atakayejua. Halafu KJSEA kila somo lina kiwango chake, kuanzia BE2 huko chini kabisa (chini ya matarajio) mpaka EE1 juu kabisa (kupita matarajio), kwa hivyo omba uone sayansi peke yake na hesabu peke yake, hayo mengine ya jumla jumla yaache.

Sasa kinachoimaliza shule ndogo ni pesa na walimu. Serikali ilipanga shilingi 15,042 kwa kila mtoto wa JSS kwa mwaka, na hizo zinafuata jina la mtoto, akihama zinahama naye. Watoto 20 wakiondoka hapo ni 300,840 zimekwenda, na chaki, karatasi za mtihani, umeme, vyote vinahitajika vile vile. Na masomo ni 9, hayapungui kwa sababu watoto wamepungua, ndo unakuta walimu wawili watatu wanagawana yote na wa dini anaingia kufundisha sayansi. Hao walimu nawaonea huruma kweli, wengine ni intani, yaani bado wako kwenye mafunzo kazini.

Kwa hivyo kabla ya kuhama nenda shuleni na babake, msitume ujumbe, nendeni wenyewe muulize: sayansi anafundisha nani na alisomea nini? Practical wanafanya au wanachorewa ubaoni? Mkiambiwa mwalimu wa sayansi yupo na anaingia darasani, mimi ningemwacha hapo, mtoto anayelala kwao na kula kwao anasoma vizuri kuliko anayekaa kwa watu mjini na miaka 13. Mkiambiwa hakuna na hajulikani atakuja lini, basi babake ana haki, mtoto wa sayansi hawezi kungoja.

Lakini mkiamua, hameni mwaka huu, msingoje Gredi 9 manake huko kuna kusajiliwa mtihani na mtoto akihama katikati ni usumbufu mtupu. Kwenye alama zake za mwisho, KPSEA, ule mtihani wa Gredi 6, ni asilimia 20, kazi za darasani za Gredi 7 na 8 ni 20 nyingine, KJSEA yenyewe 60, kwa hivyo hakikisheni zile za Gredi 7 zimeshaingizwa kwenye mtandao wa KNEC, baraza la mitihani, kabla hamjachukua barua ya uhamisho. Na huyo wa kukaa naye mjini, mama, nenda ukalale kwake usiku mmoja kwanza uone.