Pilipili mbuzi ndani ya nyumba: urefu wa mche na ukubwa wa chungu

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Uko Leipzig, huku huku Ujerumani, una kabati la kuoteshea lenye urefu wa sentimita 140 na upana wa 80 kwa 80. Ndani kuna miche minne ya pilipili mbuzi, kila mmoja kwenye ndoo ya lita 20. Uliipanda Januari, sasa ni Aprili, vilele vinagusa taa na hujaona hata ua moja. Unauliza ukate au ununue taa nyingine. Nitakujibu, ila vumilia kidogo nianze na makosa yangu, maana na yako ni hayo hayo.

Mimi niko Hamburg. Nimekulia Tanga, na kwetu mpilipili ulijiotea wenyewe nyuma ya jiko, pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, wala sikuwahi kumwona mtu akiupima urefu. Hapa Desemba mchana wote ni saa saba na nusu, tena hiyo ni kama wingu limekuhurumia. Mwaka wa kwanza nilinunua pilipili kwenye duka la Waafrika kule Steindamm, nikatoa mbegu, nikaziatika kwenye kizingiti cha dirisha, juu kabisa ya hita. Siku ya 12 zikachomoza. Wiki tatu baadaye mche ulikuwa na majani manne na urefu wa sentimita 14. Nikajiona bwana shamba, nikampigia mama picha. Akanijibu: "Mbona mpilipili wako unachungulia dirishani kama mtu anayengoja basi?"

Alikuwa sahihi. Ule mche ulikuwa umerefuka tu, haujakua. Ukitaka kujua tofauti chukua rula, upime kutoka kifundo kimoja cha jani hadi kingine. Kwenye mche wangu ilikuwa sentimita sita, na shina jembamba kama kijiti cha mshikaki. Miche ninayoipata siku hizi ina sentimita mbili, mbili na nusu. Mmea usipopata mwanga wa kutosha huvuta shina kuufuata ulipo, na joto likiwa jingi ndiyo huuchochea zaidi. Mwanga haba na joto kali ndicho kitanda nilichoitandikia miche yangu juu ya hita. Mbegu inataka joto, nyuzi 26 hadi 30, lakini ikishatoka tu ardhini mimi huihamisha siku hiyo hiyo kwenda mahali penye nyuzi 20 au 22, usiku hata 18, na taa inakuwa juu yake moja kwa moja badala ya ubavuni.

Taa yako haina kosa, usitupe hela. Iache saa 14 hadi 16 kwa siku, weka na swichi ya saa ili usisahau. Mpilipili hausubiri usiku uwe mrefu ndipo uchanue, kwa hiyo huna haja ya kuchezea ratiba ya giza kama wanavyofanya wenye mimea ya aina hiyo. Feni ndogo nayo inasaidia, si kwa ubaridi bali kwa kutikisa. Shina linalotikiswa kidogo kila siku huwa nene na fupi. Mimi nikipita asubuhi na kikombe cha chai huwa naipapasa miche kwa kiganja, jirani mmoja alishaniona akadhani naisalimia.

Sasa twende kwenye ndoo, maana tatizo lako kubwa liko huko. Mwaka wa pili nilikuwa nimenunua taa, nikasema sasa nafasi ni baraka, nikachukua vimche vya majani manne nikavitumbukiza kwenye ndoo za lita 20. Udongo ukakaa umeloa siku kumi bila kukauka. Wakaja vijinzi vidogo vyeusi, majani yakaanza kugeuka njano. Nilipong'oa mmoja nione kulikoni, mizizi yote ilijaa kwenye ngumi yangu. Katikati ya udongo mwingi ule, mche mdogo hauwezi kuyanywa maji yote, na mizizi inakosa hewa. Ile mitatu iliyosalimika ilisimama karibu wiki tano bila kuongeza jani. Halafu mizizi ilipoishika ndoo, lahaula! Mbolea ilikuwa nyingi, nafasi nyingi, ikapaa hadi sentimita 90 ya majani matupu. Na wewe ndiko uliko.

Siku hizi napandisha ngazi kwa ngazi. Kichungu cha sentimita 7, kisha lita 1, kisha lita 3, na mwisho lita 8 au 10. Siangalii kalenda, naangalia mizizi. Nashika shina katikati ya vidole, napindua chungu, nagonga kitako. Udongo ukitoka mzima na mizizi myeupe imeuzunguka kama wavu, ni wakati wa kuhama. Udongo ukivunjika na kumwagika, narudisha, bado. Ikiwa mizizi imeshageuka kahawia na kujisokota kama kamba ya kisima, nimechelewa, hapo inabidi kuifungua kwa vidole kabla ya kupanda.

Chungu cha mwisho ndicho kinachoamua mpilipili utafika wapi. Nilijaribu mbegu za tunda moja, taa moja, udongo mmoja: wa lita 3 uliishia kwenye sentimita 35, wa lita 10 ukafika 65. Huo mdogo ulizaa, tena vizuri tu kwa umbo lake. Shida yake ni maji. Julai ulikuwa unataka kunyweshwa asubuhi na jioni. Nilikwenda Bremen Jumamosi nikarudi Jumapili usiku, nikakuta umelala kama nguo mbichi, na maua yote yamepukutika. Kama ni mtu wa safari, lita 3 itakuaibisha.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chungu, pima kabati. Sentimita 140, toa 15 za taa na minyororo yake. Toa 30 za nafasi kati ya taa na kilele. Toa 25 za chungu na 5 za kisahani na kibao cha chini. Inabaki 65, na hiyo ndiyo nafasi ya mmea wako wote kuanzia juu ya udongo. Ukiweka ndoo yenye kimo cha sentimita 35 umejinyang'anya kumi bila sababu. Na upana usiusahau: pilipili mbuzi ikishagawanyika hutanuka kama mwavuli, nusu mita na zaidi. Kabati la 80 kwa 80 ni la miche miwili. Minne ni daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Hii minne uliyonayo ningeifanya hivi. Chagua miwili iliyo mizuri zaidi ibaki ndani. Kata kilele kwa mkasi uliofutwa spiriti, juu kidogo ya kifundo chenye majani yenye afya, ushushe kama theluthi moja ya urefu. Usiihamishe chungu siku hiyo wala usiitie mbolea, iache wiki mbili ipumue. Utaona macho ya pembeni yanafumuka na shina moja linakuwa manne, matano. Utachelewesha maua kwa wiki mbili tatu, hilo likubali. Safari ijayo usingoje mpaka taa iunguze majani. Kata mche ukiwa na majani sita hadi manane, juu ya kifundo cha tano, ukiwa bado unaushika kwa vidole viwili.

Wengine watakwambia uuinamishe kwa kamba badala ya kukata. Inawezekana, lakini mpilipili si mnyanya, shina lake likishakomaa ni kavu na panda zake hukatika upesi. Fanya jioni kabla ya kumwagilia, maji yakiwa yamepungua mwilini, maana asubuhi ukiwa umejaa maji huvunjika kama karoti. Mimi nilisikia "kah!" moja tu. Niliufunga na mkanda wa umeme ukaunga, ila ule upande haukuzaa kitu cha maana.

Ile miwili mingine ibaki kwenye ndoo zake na itoke nje. Wajerumani wana siku za baridi ya mwisho wanazoziita Eisheilige, kuanzia tarehe 11 hadi 15 Mei, na wenye bustani wengi hawatoi mmea wa nchi za joto nje kabla ya hapo. Wafuate. Baada ya hapo ipeleke kwenye roshani taratibu, saa moja kivulini siku ya kwanza, ukiongeza kila siku kwa wiki nzima, la sivyo jua litayachoma majani yawe meupe. Huko nje lita 20 si tatizo tena.

Kuhusu maua, usihesabu bado kuwa ni hasara. Pilipili mbuzi ni ya polepole, toka mbegu hadi tunda kuiva miezi mitano hadi sita ni kawaida. Ila acha hiyo mbolea yako ya majani, ambayo ni nitrojeni tupu kwa jinsi ulivyoisoma lebo. Chukua ile ya nyanya yenye potasi nyingi, uanze kwa nusu ya kipimo. Maua yakija, ndani hakuna nyuki: yatikise kwa kidole mchana, au mswaki wa umeme uguse kikonyo sekunde mbili.

Umeuliza pia kama uweke changarawe chini ya chungu ili maji yapite. Hapana. Maji hayashuki kwenye changarawe mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unakuwa umepandisha tope karibu na mizizi na kupunguza udongo wenyewe. Toboa matundu, weka kipande cha kitambaa kuzuia udongo usitoke, basi.