Barua kwa mwanangu: Kicheko cha Nyambane

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, nasi hapa nyumbani hatujambo. Uliponitumia klipu ya mchekeshaji Nyambane akimwiga Mzee Moi, nilikujibu kwamba nimecheka hadi machozi. Ukaniuliza: "Mama, mbona mimi naona mtu anakwaruza sauti tu? Kinachochekesha ni nini?" Swali hilo nimekaa nalo wiki nzima.

Moi alitawala Kenya miaka 24, tangu 1978 hadi 2002. Taarifa ya habari ilianza naye: Mtukufu Rais amesema hivi, Mtukufu Rais amekwenda pale. Picha yake ilining'inia dukani, posta, shuleni, na uso wake ulikuwa kwenye noti uliyopewa kununulia mkate. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 watu walizidi kufunga midomo. Tulisikia kwa minong'ono kuhusu watu walioteswa chini ya Nyayo House, jengo ambalo mchana tulilipita kama jengo lolote la mjini. Babu yako hakutamka neno "serikali" ndani ya matatu bila kugeuka kwanza kuona nani amekaa nyuma yake.

Vichekesho tulikuwa navyo. Vipindi vya runinga kama Vitimbi na Vioja Mahakamani tulivipenda mno, ila hakuna aliyethubutu kumgusa mkubwa.

Ndipo wakaja vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na Redykyulass, kundi lao la vichekesho: Walter Mong'are, ambaye ndiye Nyambane, John Kiarie tuliyemwita KJ, na Tony Njuguna. Moi mwenyewe alikuwa bado Ikulu.

Usiku wa kwanza tulipowaona, babu yako alikuwa anakula. Sauti ile ilipotoka kwenye runinga, aliweka tonge chini na kukaa wima, akidhani ni hotuba. Kisha akaona ni kijana. Aliinuka, akaenda kupunguza sauti, akavuta pazia, na hapo ndipo akaanza kucheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika. Sikuwahi kumwona babangu akicheka hivyo. Mama alimwambia, "Watatufunga, mzee," naye pia anacheka.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unasikia koo la Nyambane, mimi nasikia pazia likivutwa. Na ufundi wake usiudharau: alikuwa ameisikiliza sauti ile kwa makini, inavyopanda, inapokata pumzi, kuliko sisi tulioogopa hata kuisikiliza.

Baadaye Nyambane alikwenda redioni, akawa na mtangazaji Caroline Mutoko asubuhi pale Kiss. KJ alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017. Nyambane naye alitaka kugombea urais mwaka 2022, lakini jina lake halikufika kwenye karatasi ya kura. Iliniuma kidogo, nakwambia kweli, ingawa sijui kama ningempigia.

Moi alipofariki Februari 2020, nilikuwa jikoni redio ikitangaza. Nikajaribu kuikumbuka sauti yake, ile iliyonikuza. Iliyonijia ilikuwa ya Nyambane.

Akupendaye,
Mama